Mwinuko wa Rongai

Kutoka stesheni ya Nakuru hadi Timboroa, gari la moshi hupanda karibu mita 900, na halina meno ya kung'ata reli wala kamba ya kulivuta. Linategemea chuma kushikana na chuma, basi. Rongai imo katika njia hiyo, na ukishaipita, nchi inaanza kuinuka kuelekea misitu ya Maji Mazuri na Timboroa. (Nazungumzia Rongai ya Nakuru, si ile Ongata Rongai ya Kajiado.) Katika Afrika Mashariki nzima, kazi ya uhandisi ninayoistahi kuliko zote ni mpando huu, ingawa hauna nguzo ndefu wala daraja la kupigia picha.

Gurudumu la chuma juu ya reli huteleza upesi. Mlima ambao lori huupanda likilia kidogo tu, treni yenye mzigo haiwezi hata kuuanza. Kwa kawaida reli hazipendi kupanda zaidi ya mita 2 katika kila mita 100. Kwa hiyo mpimaji hulazimika kuurefusha mlima: anaizungusha njia ubavuni, anaipeleka mpaka kichwani mwa bonde na kuirudisha upande wa pili, anakata tuta hapa na kujaza shimo pale, ili mteremko usizidi kipimo alichojiwekea. Kazi ikifanikiwa, abiria hahisi chochote. Anashangaa tu kuona baridi imezidi.

Reli ya kwanza haikupita Rongai. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, kisha ikakutana na ukuta wa Bonde la Ufa pale Kijabe. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, hakutaka kazi isimame hadi njia ya kudumu ikamilike, hivyo mwaka 1900 mabehewa yakawa yanateremshwa kwa kamba za waya. Yalipandishwa juu ya vitoroli vilivyoundwa upande mmoja juu, mwingine chini, ili behewa libaki limelala sawa hata kwenye mteremko mkali. Palipo pakali zaidi, behewa lililoshuka na mzigo lilivuta lililo tupu kwenda juu. Kwa njia hiyo mataruma na vyuma vilifika bondeni, na reli ikaendelea Nakuru, Njoro, Molo na kuvuka Mau. Upande wa magharibi wa Mau makorongo yalikuwa mengi mno, yakahitaji madaraja marefu 27 ya chuma, ambayo yaliundwa na American Bridge Company ya Marekani. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagusa ziwa, mahali tunapopaita Kisumu.

Bei yake haikuwa ya fedha tu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Kila anayesifu reli hii na awataje hao kwanza.

Zamu ya Rongai ilikuja baadaye, na haikuja kwa nia njema kwa kila mtu. Mkataba wa mwaka 1904 ulikuwa umewahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya bonde, ardhi ikagawiwa walowezi. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg ulitoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe kwenda Uasin Gishu, ukakata njia katika misitu ya juu huku magurudumu yakizama matopeni. Walowezi wa huko walidai reli kwa miaka mingi. Ujenzi ulianza 1921, na safari hii vibarua wengi walikuwa Waafrika. Reli iliingia Eldoret mwaka 1924, baada ya kuvuka Ikweta na kupita stesheni ya Timboroa, zaidi ya mita 2,740 juu ya usawa wa bahari. Timboroa ikajulikana kuwa stesheni ya juu kuliko zote katika himaya ya Uingereza. Mwaka 1931 daraja la Jinja lilivuka Nile, Kampala ikaunganishwa, na njia ya Kisumu, iliyokuwa ndiyo reli yenyewe, ikawa tawi. Rongai nayo ilipata tawi lake, la kwenda Solai, kwenye mahindi na mkonge.

Mpando kama ule ulihitaji injini ya namna yake. Mnamo 1926 ziliwasili injini za Garratt kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Herbert Garratt alilining'iniza boila la maji katikati, akaweka seti mbili za magurudumu, moja mbele, moja nyuma, kila moja ikigeuka peke yake. Injini ndefu ikaweza kujipinda konani, na uzito wake ukatawanyika hata reli nyepesi zisivunjike. Injini ilitengenezwa kuifuata njia, na njia ilikuwa imeufuata mlima.

Lakini watu wa Bonde la Ufa walijua kuutii mteremko zamani, kabla ya Whitehouse kuzaliwa. Kwenye ukuta wa bonde la Kerio, Wamarakwet walichimba mifereji inayotoa maji katika mito kama Embobut na Arror na kuyapitisha kwenye majabali hadi mashamba ya chini. Penye jabali walijenga kingo za mawe, magogo na majani. Penye korongo walivusha maji juu ya magogo yaliyochongwa. Warumi kwa ajili ya mji wa Nîmes, Ufaransa, walishusha maji mita 12 tu katika kilomita 50, na dunia inawasifu mpaka leo. Mmarakwet hakuwa na kipimo cha shaba; maji yenyewe yalimwonyesha penye kuzidi na penye kupungua. Mifereji hiyo bado inafanya kazi, na kila ukoo unajua saa zake za kumwagilia. Ingekuwa kwangu, wanafunzi wote wa uhandisi nchini wangepelekwa kuiona.

Mteremko huua pia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la udongo lilipasuka Solai, palepale tawi la reli la Rongai lilipokuwa likielekea. Maji yalishuka juu ya nyumba za watu, 48 wakafa, wengi wao watoto na wanawake. Uhandisi wa mabwawa ni kuyaandalia maji ya ziada njia ya kutokea kabla hayajajitafutia yenyewe, na kuwe na mtu wa kukagua kila msimu.

Reli mpya ya kisasa imeishia Naivasha. Kontena za Uganda hupakuliwa hapo, hupakiwa kwenye reli ya zamani iliyokarabatiwa, hupita Nakuru na Rongai, kisha huanza kupanda Timboroa kwa mwinuko uleule uliopimwa miaka mia moja iliyopita.