Kwa Nini Mgeni Hakatai Bure: Historia ya Kosa Moja la Mashine Pepe

Kwa wanafunzi wengi wa kompyuta hapa Rumonge, laptopu moja ya mtumba hufanya kazi ya mbili. Juu ya Windows tunaweka VirtualBox, na ndani yake Linux ya kujifunzia. Mfumo wa nje ndiye mwenyeji, wa ndani ni mgeni. Mara nyingi mgeni wa biti 64 hukataa kuwaka, na skrini inasema VT-x haipatikani. Ushauri wa haraka huwa: mashine imezeeka, iuzwe. Ninadai kuwa kosa hili lina asili yake katika historia, na anayeijua hatauza mashine yake kwa hasara.

Mashine pepe zilianzia IBM. Katika miaka ya 1960, huko Cambridge, Marekani, wahandisi wake waliunda CP-40, iliyowawezesha watu kadhaa kugawana kompyuta moja kubwa, kila mmoja akiiona kama yake. Mwaka 1972 ikafuata VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti la msingi: kila amri nyeti ya mgeni lazima inaswe na kupitia kwa msimamizi.

Prosesa za x86, zilizoenea katika kompyuta ndogo, hazikutimiza sharti hilo. Mwaka 2000 John Robin na Cynthia Irvine walihesabu katika Pentium amri 17 nyeti zilizopita bila kunaswa. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililikwepa tatizo kwa kutafsiri amri za mgeni kabla hazijatekelezwa. Njia hiyo ilifaa kwa biti 32. Ilipokuja x86 ya biti 64, sehemu ya ulinzi wa kumbukumbu ambayo njia hiyo iliitegemea iliondolewa. Suluhisho likatoka ndani ya prosesa zenyewe: VT-x ya Intel mwaka 2005, na AMD-V mwaka 2006.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa letu. Mgeni wa biti 64 anaitegemea VT-x, lakini kompyuta nyingi zilitoka kiwandani ikiwa imezimwa. Basi uchunguzi ufuate mpangilio. Kwanza, tazama kama prosesa inayo. Pili, ingia kwenye BIOS, iwashe, hifadhi, kisha zima mashine kabisa kabla ya kuiwasha tena. Tatu, kama bado, angalia Hyper-V: hii ni sehemu ya Windows ambayo huenda imeishika VT-x kwa matumizi yake.

Wanaosema mashine imezeeka hawakosei siku zote. Hata baada ya 2005, Intel iliendelea kuuza prosesa za bei nafuu zisizo na VT-x, na baadhi ya mitumba yetu ni ya aina hiyo. Hata hivyo, mashine hizo bado zinaweza kumpokea mgeni wa biti 32 katika matoleo ya zamani ya VirtualBox.

Hatua hizi zote hazigharimu hata faranga moja. Kununua laptopu nyingine kunaweza kumgharimu mwanafunzi mwaka mzima wa masomo.