Matokeo tatanishi ya kipimo cha PSA

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Kazi yake ni kuzifanya shahawa ziwe nyepesi baada ya kutoka. Kiasi kidogo hupenya hadi kwenye damu, na hicho ndicho maabara hukipima kwa nanogramu katika kila mililita. Nchini Marekani kipimo hiki kiliidhinishwa mwaka 1986 kwa kuwafuatilia waliokwisha kuugua saratani ya tezi dume, na mwaka 1994 kwa kusaidia kuigundua. Kiwango cha 4 kikazoeleka kuwa mpaka.

Mpaka huo umewatia hofu wengi na kuwapumbaza wengine. PSA huonyesha hali ya tezi dume, haionyeshi saratani peke yake. Wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichukuliwa vinyama vya tezi dume ili vichunguzwe, takriban mmoja kati ya wanne ndiye hukutwa na saratani. Kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua vinyama wanaume ambao PSA yao haikuvuka 4, na asilimia 15 hivi wakakutwa nayo.

Kinachopandisha PSA mara nyingi ni kutanuka kwa tezi dume kunakoletwa na umri. Maambukizi ya njia ya mkojo au ya tezi yenyewe huweza kuipandisha ghafla, na ikachukua wiki kadhaa kushuka. Kuwekewa mpira wa mkojo na kuchukuliwa kinyama navyo huipandisha. Kumwaga shahawa pia huipandisha kidogo, ndiyo maana wanaume hushauriwa kujizuia siku mbili kabla ya kupima. Kwa hiyo jibu la kwanza lililo juu hustahili kurudiwa baada ya wiki chache, ikiwezekana katika maabara ileile, kwa kuwa mashine hutofautiana. Wengi hukuta namba imeshuka.

Hatari kubwa zaidi ni namba inayoonekana njema isivyostahili. Finasteride na dutasteride, dawa za kupunguza tezi iliyotanuka, hushusha PSA kwa karibu nusu zikitumiwa miezi 6 hadi 12. Mtumiaji mwenye 3.2 anapaswa kusomwa kana kwamba ana 6.4, na PSA inayopanda angali akizimeza dawa hizo haifai kupuuzwa. Daktari asipoambiwa habari za dawa, hataweza kujua. Unene nao hupunguza namba, kwani damu ya mtu mnene ni nyingi zaidi na protini husambaa humo.

Namba ikibaki juu, hulinganishwa na ukubwa wa tezi. PSA ya 6 katika tezi ya mililita 80 ni 0.075 kwa kila mililita, lakini katika tezi ya mililita 30 ni 0.2, na kuanzia 0.15 shaka huongezeka. Hupimwa pia sehemu ya PSA isiyoshikamana na protini nyingine: ikiwa chini ya asilimia 10, uwezekano wa saratani ni mkubwa, ikizidi 25, ni mdogo. Kipimo cha kidole, ambapo daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, hubaki na nafasi yake, kwani baadhi ya saratani hazipandishi PSA. Pale penye mashine ya MRI, picha hutangulia kinyama, ikionyesha sehemu ya kuchoma sindano na kuwaepusha baadhi ya wanaume na sindano hiyo. Saratani itakayokutwa ikiwa ya daraja la chini, mara nyingi hufuatiliwa kwa kurudia vipimo bila kukimbilia upasuaji au mionzi.