Maji ya Mto Mara na hesabu ya mkulima

Mto Mara huanzia msitu wa Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi za Masai Mara na Serengeti, kisha huingia kwenye mashamba ya Tanzania: wilaya ya Tarime upande wa kaskazini, wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Kabla ya kufika Ziwa Victoria hupoteza kingo zake na kuwa kinamasi kipana cha mafunjo. Huko Manchira, wilayani Serengeti, maji yamezuiwa kwa ukuta ili mji wa Mugumu upate ya kunywa. Bondeni kwa Mto Mara hakuna ukuta, na mto ukifurika mashamba huzama.

Zamani, aliyepoteza mazao hakuwa na pa kuandikisha. Sotoka ilipoteketeza ng'ombe miaka ya 1890 na njaa ikafuata, watu wa Ikoma, huko Serengeti, na jirani zao walitegemea marafiki wa mbali, hasa Usukuma, walikopeleka mikia ya nyumbu na ngozi wakapata nafaka na mifugo. Ushahidi wa hasara ulikuwa mtu mwenyewe, akifika mlangoni na njaa yake.

Kisha ukaja 1961. Mwaka ule ulianza kwa ukame ukaishia kwa mvua kubwa, Tanganyika ikipata uhuru. Hadi 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda karibu mita 2.5, na mto unaoishia humo ulikosa pa kumwagia maji yake. Serikali ikagawa mahindi ya msaada. Hapo ndipo ulipoota mzizi wa desturi ambayo bado tunayo: mafuriko huhesabiwa kwa midomo ya kulishwa, si kwa ekari zilizozama.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuta sheria tayari, ile ya 1990 ya kuratibu misaada ya maafa. Jina lake linaeleza mengi: ilikuwa sheria ya misaada. Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2015, na ile ya 2022 iliyofuata, zikashusha kamati hadi kijijini. Leo taarifa hupanda kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji hadi kwa mtendaji wa kijiji, kata, wilaya na mkoa, mpaka Ofisi ya Waziri Mkuu. Chakula hutoka maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Taarifa hupanda ngazi kwa ngazi, lakini msimu wa kupanda haumsubiri mtu. Maji yakishuka, mkulima ana wiki chache tu za kurudishia mbegu, na gunia la mahindi ya kula, hata likifika mapema, haliwi mbegu.

Mei 2020 ziwa lilipanda tena, likafikia kimo cha 1964. Tangu hapo mambo mawili yameongezeka. Mwaka 2022 wakulima walianza kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, pamoja na ukubwa wa mashamba yao. 2023 kampuni za bima zikaungana kukatia kilimo bima. Kwa mara ya kwanza shamba linaweza kuwa na kumbukumbu kabla ya maji kulifikia, na mtendaji akawa na cha kulinganishia badala ya kukadiria kwa macho akiwa ng'ambo ya maji.

Tatizo ni kwamba mashamba ya bondeni hukodishwa kwa msimu. Anayelima ni mmoja, mwenye ardhi ni mwingine. Kamati ya kijiji inapaswa kuandika jina la aliyepanda, na kuliandika wakati wa kupanda, mto ukiwa bado chini.