Ndege au Basi: Safari za Watu wa Kisarawe na Kibaha

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo siku hizi husemwa barazani kama jambo jepesi: mtu akitaka kwenda Mwanza, apande ndege au apande basi? Nyuma ya swali hilo yako mambo mengi, na watu wa Kisarawe na Kibaha wana sababu ya kuyajua kuliko wengine, kwa kuwa njia zote mbili zimepita kwao.

Tutazame kwanza nchi yenyewe. Wilaya hizi mbili ni jirani, nyuma ya mji wa Dar es Salaam, katika nchi ya Uzaramo. Kibaha imekaa juu ya barabara ya Morogoro, na basi ziendazo bara hupita hapo mchana na usiku. Kisarawe iko upande wa kusini, katika vilima vya Pugu, na mtu akishuka vilima hivyo kwenda mjini hupita karibu na uwanja mkubwa wa ndege. Basi mtu wa Kibaha amewekewa gari mlangoni, na mtu wa Kisarawe amewekewa ndege. Lakini kuwekewa kitu mlangoni si kuweza kukilipia.

Hapo kale hapakuwa na la kuchagua. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakapita Uzaramo kwa kufuata bonde la mto Kingani, ndio Ruvu, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku 134 kwa miguu, na mizigo juu ya mabega ya wapagazi. Aliyepata habari ya msiba kutoka bara aliipata baada ya matanga kwisha zamani. Wajerumani wakaanza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikapanda Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Miezi ikageuka kuwa siku.

Ndege, ambayo wazee waliiita eropleni, katika safari zake za kutoka Ulaya haikuanzia pwani kwetu. Kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata njia hiyo ikaendelea hadi Cape Town kwa kupitia Dodoma na Mbeya. Dar es Salaam iliingoja kampuni hiyo mpaka mwaka 1937, zilipokuja ndege za majini, zilizotua juu ya maji ya bandari kama bata. Zilichukua barua, maofisa na matajiri. Mkulima wa muhogo wa Kisarawe aliinua macho, akazitazama, akainama tena juu ya jembe lake.

Sasa nataka kusimama kidogo juu ya habari moja ambayo wengi wameisahau. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya huko, ikafungiwa. Ndege za Uingereza, Marekani na Canada zikabeba mapipa ya mafuta angani. Lakini ndege nayo hula mafuta, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mzigo mdogo. Kwa hiyo malori yakatiwa njiani kutoka Dar es Salaam, yakapita Kibaha na Morogoro hadi mpakani Tunduma, katika barabara ya vumbi na matope iliyowaua madereva wengi hata ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968 taabu ikapungua, na barabara yenyewe ikatengenezwa kwa lami, ikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi la leo linalokwenda Mbeya kwa siku moja linateleza juu ya lami iliyoletwa na dhiki ya Zambia. Hakuna aliyekusudia kumpa msafiri wa Kibaha usafiri mwema. Aliupata kwa bahati.

Upande wa ndege, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa mwaka 1977, na Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huo huo. Nauli ikabaki ya wakubwa. Kisha mwezi wa Novemba 2012 ikaja fastjet, ikatangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000, kodi mbali, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Watu hawakuamini. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao, na kampuni ile ikaendelea hadi mwisho wa mwaka 2018.

Lakini sikilizeni sharti lake. Nauli ile ndogo ilikuwa ya mtu aliyenunua mapema. Kila siku ya safari ilipokaribia, bei ilipanda. Mfanyabiashara ajuaye safari yake mwezi mmojakabla alifaidi. Je, mtu wa Kisarawe afanyaye kazi Mwanza, aliyepigiwa simu alfajiri kwamba mama yake amefariki? Kwa desturi ya Waislamu maiti hacheleweshwi. Ndege hutumia kiasi cha saa moja na nusu, na uwanja uko karibu na kwao. Angeweza kufika kabla ya maziko. Ila yeye ndiye anayetozwa nauli kubwa kuliko wote, kwa kuwa mauti hayatoi taarifa. Mimi naona hiki ndicho kitu kigumu katika habari yote: aliye na haraka ya kweli ndiye anayelipishwa zaidi.

Basi halina desturi hiyo. Nauli yake ina kikomo kilichowekwa na serikali kwa kila kilomita. Tangu Desemba 2023 kikomo cha daraja la kawaida kilikuwa shilingi 48.47, yaani shilingi 48,470 kwa kilomita 1,000, ukate tiketi leo au mwezi uliopita. Taabu ya basi ilikuwa nyingine. Kwa karibu miaka 30 basi zilikatazwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali, na aliyepata simu saa sita mchana alilala na msiba wake akingoja gari la alfajiri. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023.

Wala msidhani ndege humfaa kila mtu sawasawa. Wa Kibaha akitua Dar es Salaam, saa zile alizookoa angani aweza kuzipoteza katika foleni ya magari kabla hajafika kwake, ilhali basi litokalo Mwanza lingemshusha Kibaha pale pale.

Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilifunguliwa, nayo ina stesheni Pugu, na Soga katika wilaya ya Kibaha. Mwaka huo iliishia Dodoma; mwenye kwenda Mwanza alishuka huko na mzigo wake, akatafuta basi.