Matairi Ambayo Hayakuuzwa

Kuna picha moja ambayo huenda umewahi kuiona bila kujua ni ya nani. Mama mmoja amegusa shavu kwa vidole, na macho yake yanaangalia mbali. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, wamempa mpiga picha visogo. Mwingine, mchanga, amelala mapajani. Picha hiyo ilipigwa na Dorothea Lange mwezi Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Baridi ilikuwa imeua njegere shambani. Hapakuwa na cha kuchuma, na asiyechuma halipwi. Mama huyo alikuwa na miaka 32.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka ule niliokuwa nazunguka mjini na bahasha ya kaki. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na kuhamia kwa baba mdogo ili niwe karibu na ofisi. Hakuwahi kuninyima chakula. Ila jioni moja, tukiwa mezani, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona wenzako wanapata? Wewe unakosea wapi?" Sikuwa na jibu. Baada ya siku hiyo nikawa natoka asubuhi sana na kurudi giza likiingia, hata siku ambazo sikuwa na pa kwenda, ili majirani wasinione nimekaa.

Miaka miwili baadaye, nikisoma shahada ya uzamili, nilipewa kazi ya kuandika juu ya Mdororo Mkuu wa uchumi wa Marekani. Nilitarajia kukutana na takwimu. Nilikutana na swali la baba mdogo.

Tuanze na chanzo. Katika miaka ya 1920 Marekani ilionekana nchi isiyoweza kuanguka. Viwanda vilimwaga magari, redio na majokofu, na watu wakavinunua kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo. Hisa nazo zilinunuliwa vivyo hivyo: mtu aliweza kutoa sehemu ndogo ya bei, wakati mwingine asilimia 10 tu, na nyingine akakopeshwa na dalali wake. Bei ikipanda, wote wanacheka. Ikishuka, dalali anadai fedha yake papo hapo, na asiyekuwa nayo hisa zake zinauzwa, bei ikazidi kushuka.

Lakini chini ya furaha hiyo, wakulima walikuwa wameshaanza kuumia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikopa, wakanunua ardhi na matrekta ili kulisha Ulaya. Vita vikaisha, Ulaya ikarudi kulima, bei za mazao zikaanguka, madeni yakabaki palepale. Mishahara ya viwandani nayo haikupanda sawasawa na faida. Kwa hiyo bidhaa ziliongezeka kuliko mifuko ya wanunuzi.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Tarehe 29 peke yake ziliuzwa hisa zipatazo milioni 16. Watu wengi hudhani habari inaishia hapo, kwamba matajiri walipoteza fedha na nchi ikaanguka nao. Wamarekani wengi hawakuwa hata na hisa moja. Kilichowafikia majumbani mwao kilikuwa ni benki.

Benki haikai na fedha zako kabatini. Inazikopesha. Siku wateja wote wakija kwa pamoja, hata benki yenye afya haina cha kuwapa. Wakati huo hapakuwa na bima ya amana ya nchi nzima, kwa hiyo uvumi tu ulitosha kupanga foleni barabarani. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifungwa. Benki Kuu, ambayo ingeweza kumwaga fedha sokoni na kutuliza hofu, ilisitasita, na mwaka 1931 ikapandisha riba ili kulinda dhahabu ya nchi. Fedha iliyokuwa mikononi mwa watu na katika akaunti zao ilipungua kwa karibu theluthi moja. Bunge nalo mwaka 1930 lilipandisha ushuru wa bidhaa za nje, ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemsihi rais asiusaini. Nchi nyingine zikalipiza. Biashara ya dunia ikasinyaa, na maumivu yakasafiri: hata Tanganyika bei za mkonge na kahawa ziliporomoka.

Sasa fikiria fundi wa kiwanda cha magari Detroit. Hajawahi kugusa hisa. Kiwanda hakiuzi, anapunguzwa. Anakwenda kuchukua akiba yake, mlango wa benki una kufuli. Kodi ya nyumba inampita. Kufikia 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Pembezoni mwa miji vikaota vibanda vya mabati na maboksi, ambavyo watu waliviita Hooverville kwa kumkejeli Rais Herbert Hoover.

Maumivu hayakugawanywa sawa. Wamarekani weusi, ambao mara nyingi waliajiriwa mwisho na kufukuzwa kwanza, walikosa kazi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko weupe. Watu wenye asili ya Mexico waliondolewa nchini au walishinikizwa kuondoka kwa malaki, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Halafu katika nyanda za Oklahoma, Kansas na Texas ukaja ukame, na udongo uliolimwa kupita kiasi ukapeperuka na upepo hadi mchana ukawa giza.

Jambo la ajabu ni kwamba njaa hii ilikuwepo katikati ya shibe. Mwaka 1933 serikali iliwalipa wakulima wang'oe pamba na wachinje mamilioni ya watoto wa nguruwe ili bei ipande, huku mjini watu wakipanga foleni za mkate. Chakula hakikukosekana. Kilichokosekana ni fedha ya kukinunulia.

Hapo ndipo nilipolikuta swali la baba mdogo. Mambo hayo yote yalikuwa juu ya uwezo wa fundi wa Detroit, lakini wengi walijilaumu wenyewe. Kuna simulizi za wanaume walioendelea kuvaa suti na kuondoka nyumbani kila asubuhi baada ya kufukuzwa kazi. Nilipozisoma nilifunga kitabu kwanza.

Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani Machi 1933, moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kufunga benki zote kwa siku chache, kisha kueleza kwenye redio, kwa maneno ya kawaida, benki inavyofanya kazi. Zilipofunguliwa, watu walirudisha fedha. Zikafuata bima ya amana, miradi ya ajira na, mwaka 1935, hifadhi ya jamii, ingawa vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Ukosefu wa ajira ulipungua, lakini haukuisha mpaka uchumi wa Vita Kuu ya Pili.

Turudi Nipomo. Lange alikiri baadaye kwamba hakumuuliza yule mama jina. Alisimulia kuwa familia ile ilikuwa imeuza matairi ya gari ili inunue chakula. Picha ilipotoka gazetini, chakula kingi kilipelekwa kambini, lakini mama na wanawe walikuwa wameshaondoka. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana kwa umma mwaka 1978, na ikafahamika kwamba alikuwa mwenyeji wa asili, Mcherokee wa Oklahoma. Familia yake ilikanusha habari ya matairi. Gari lilikuwa limeharibika, na baadhi ya jamaa walikuwa wamekwenda mjini kutengeneza rejeta. Waliporudi, waliwasha gari wakaondoka, juu ya matairi yaleyale.

Kosa hilo ni dogo, na picha ile ilisaidia watu wengi. Lakini linanigusa. Dunia ilimtazama mama yule ikaona mtu aliyeuza hata matairi, aliyefika mwisho. Yeye alikuwa anasubiri rejeta. Alikuwa njiani kutafuta kazi shamba jingine.

Mwezi uliopita nilimtembelea baba mdogo. Alitaka kujua ninasoma nini, nikamweleza habari za benki na foleni, za ushuru na bei. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kumbe mwaka ule nilikuuliza vibaya." Nikamwambia hata mimi nilikuwa najiuliza vilevile.