Jumba la Lord Egerton, Njoro

Jumba hili la mawe ya kuchongwa, lenye vyumba 52, ni la Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza na mmoja wa marubani wa mwanzo wa nchi yake. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukacheleweshwa na Vita Vikuu vya Pili, ukakamilika 1954. Mwenyewe alilifaidi miaka michache tu. Alifariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, na ulodi wake ukaishia hapo.

Usipite haraka ukumbi wa dansi. Kuta zimevikwa mbao, na humo kimo kinanda kikubwa cha mabomba, ambacho kwetu ndicho fahari ya nyumba nzima.

Fahari hiyo ilisimama katika ardhi ambayo, enzi za ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kuimiliki. Hata shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton mwaka 1939 ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Leo shule hiyo ni Chuo Kikuu cha Egerton, chenye wanafunzi kutoka kila pembe ya Kenya.

Mgeni wetu, tafadhali usiguse kinanda wala kuegemea kuta za mbao.