Mstaafu

Mpelelezi wa riwaya Hercule Poirot aliingia kwenye kitabu chake cha kwanza, mwaka 1920, akiwa tayari ameshaachana na polisi ya Ubelgiji. Mstaafu, basi. Mwaka 1926, katika The Murder of Roger Ackroyd, mwandishi wake Agatha Christie alimpeleka kijijini akalime mamumunye. Siku moja hasira zikampanda, akalivurumisha mumunye zima ng'ambo ya ukuta, likatua karibu na jirani yake, daktari. Muda si muda keshaitwa kwenye mauaji.

Neno mstaafu lenyewe tumelitoa kwa Waarabu: istaafa, kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Shina lake ndilo lililotupa afu, yaani msamaha, na pia afya. Kwa asili, mstaafu ni mtu aliyeomba. Siku hizi nani anaomba? Umri ukitimia, barua inakuja yenyewe. Tena tumezalisha kustaafishwa, neno ambalo ukilipima kwa mizani ya Kiarabu ni kituko kitupu: kulazimishwa kuomba ruhusa! Hata hivyo mimi silikatai. Lina ukali wake, na kila aliyewahi kupokea barua ya namna hiyo anaujua.

Poirot aliomba kweli, ila wauaji hawakumpa udhuru. Christie mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea kumwanzisha akiwa mtu mzima aliyekwishastaafu. Ona hesabu: kitabu cha kumuaga, Curtain, kilitoka 1975. Miaka 55 ya ustaafu, na mzee bado yuko kazini. Pensheni yake sijui ilikuwa inatoka fungu gani.